Ukitua Ukunda na kandege chako, kula na sisi

Marekani marubani wa ndege za binafsi wana utani wao: "baga ya dola 100". Yaani mtu anarusha kandege Jumamosi, anatua kiwanja kidogo, anakula baga, anarudi zake. Baga yenyewe ni bei ya kawaida, hizo dola zimeishia kwenye mafuta ya ndege.

Hata kwetu wapo. Mtu anatoka Wilson, Nairobi, asubuhi, mchana yuko Ukunda anatafuta samaki. Simchukii, pesa yake ameitafuta. Lakini tazama: ukitoka kiwanjani, upande mmja ni baharini, kwenye hoteli za Diani. Upande wa pili ni Ukunda mjini, kwa kina mama wa viazi karai, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Ni mwendo mfupi tu kwa tuktuk, na mgeni haelekezwi huku.

Samaki ni yule yule wa wavuvi wetu, pengine ametoka Msambweni. Kinachobadilika ni nani anabaki na pesa.

Sasa wadau, tusimlaumu rubani peke yake. Kaunti ya Kwale ijenge vibanda safi karibu na kiwanja, maji yawepo, choo kiwepo, na kina mama wapewe kabla wenye kujuana na wakubwa hawajavinyakua. Na wewe ndugu wa tuktuk, mgeni akikuuliza wapi kuna chakula kitamu, usikimbilie hoteli. Mlete kwa mama.

Ndege zatua kwetu, na pesa nazo zitue kwetu. Ama nyinyi mwaonaje?