UKURASA WA MVUVI: Geuka Utazame Maji

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya nyavu. Mwezi huu tutazungumza juu ya injini ya boti, ile inayofungwa nyuma.

Nakifahamu kikundi kimoja cha wavuvi wa Ziwa Victoria. Walinunua injini kwa akiba ya miaka mitatu. Siku moja vijana wanne walikwenda kutega. Walipofika mbali, injini ilitoa harufu ya kuungua, kisha ikazima. Hawakuwa na kasia hata moja. Upepo uliwachukua mchana kutwa na usiku kucha. Walionekana siku ya pili, wote wazima. Fundi alipoitazama injini, alikuta kipande cha mfuko wa plastiki kimeziba matundu ya maji.

Injini ikifanya kazi hupata moto sana. Hupozwa na maji ya ziwa. Chini, karibu na propela, kuna matundu madogo yanayovuta maji. Ndani kuna pampu yenye pangaboi dogo la mpira. Pangaboi hilo husukuma maji yapande juu. Kisha maji kidogo hutoka nje kwa tundu dogo, kama mtoto anayekojoa.

Kila unapowasha injini, geuka utazame. Maji yanatoka? Nenda. Hayatoki? Zima mara moja. Usiseme, "Tufike kwanza." Inua injini, uondoe magugu au plastiki. Zibua tundu la kutolea maji kwa waya mwembamba. Ukiwasha tena na maji bado hayatoki, zima, upige kasia urudi.

Usiwashe injini nchi kavu. Wengine hufanya hivyo mbele ya watu, ili kuonyesha kwamba injini yao ni nzima. Hayo ni maringo ya gharama kubwa. Pangaboi la mpira likizunguka bila maji, huharibika upesi sana.

Sasa petroli. Injini nyingi za wavuvi hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Soma kitabu cha injini yako mwenyewe. Kama kitabu kinasema 1 kwa 50, basi petroli lita 20 huchanganywa na oili mililita 400. Pima kwa chombo chenye alama, usikisie kwa macho. Oili ikipungua, injini huungua ndani. Ikizidi, moshi huwa mwingi na plagi huchafuka. Lakini ziko injini nyingine ambazo oili hukaa mahali pake. Petroli ya injini hizo haichanganywi. Chuja petroli unapoimimina, na mvuta sigara akae mbali.

Mara moja kwa mwezi vua propela. Uzi wa nyavu hujizungusha nyuma yake, ukakata mpira unaozuia maji. Tazama pia oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Usiendelee kuvua na injini hiyo. Mwite fundi.

Wavuvi wa baharini, kama wa Mafia na Kilwa, wana kazi moja zaidi, kwa sababu chumvi hula chuma. Wakirudi, hawana budi kuendesha injini kidogo ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi.

Injini ya kikundi ina taabu yake. Kila mtu huiendesha, lakini wa kuisafisha haonekani. Wekeni daftari. Andikeni tarehe, saa za kazi, oili iliyotiwa, na jina la aliyesafisha. Mkishindwa kusomana majina, ulizeni kwa upole!

Kabla ya kuondoka, hesabu vitu hivi ndani ya boti: makasia mawili, plagi ya akiba na spana yake, kamba ya kuwashia ya akiba, na jaketi okozi kwa kila mtu.

Wale vijana wanne sasa hawatoki bila makasia. Injini yao bado iko kwa fundi. Kikundi kinachanga fedha za vipuri, na kwa sasa wanavua karibu na ufuko.