Safari ya Mto Ulaya Ianzie Kwenye Viza, Si Kwenye Meli

SAFU YA EASTLANDS
Na Rehema Wanjala

Vyama vya akina mama na vikundi vya marafiki wa Eastlands vimetoka mbali. Pesa zilizokuwa zikinunua masufuria na blanketi zilianza kupeleka wanachama Mombasa kwa treni ya SGR, kisha Zanzibar, kisha Dubai. Sasa katika mtaa wetu wa Mowlem kunasikika habari za meli za mito ya Ulaya: wiki nzima majini, chumba chenye dirisha, chakula kimeshalipiwa, na kila kukicha mji mwingine. Ni ndoto njema, na mtu aliyesomesha watoto na kujenga ploti kwa jasho lake ana haki nayo. Tatizo ni kwamba inapangwa kinyumenyume. Watu wanaanza na meli na bei, viza inakuja mwisho. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, viza ndiyo inayopaswa kuchagua mto, tarehe, na hata siku ya kulipa.

Matangazo ya safari hizi yameandikwa kwa ajili ya Mmarekani, Mwingereza au Mwaustralia, ambaye huingia nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa matembezi bila viza. Yeye kweli anaweza kuanza na picha ya chumba. Mkaazi wa Mowlem akifuata utaratibu huohuo, anaweza kupoteza pesa kabla hajafika hata uwanja wa ndege wa JKIA.

Mto Danube unalionyesha jambo hili waziwazi. Unapita katika nchi 10 kabla ya kuingia Bahari Nyeusi. Meli inayotoka Passau, Ujerumani, hadi Budapest kwa kupitia Vienna na Bratislava hugusa nchi nne, zote za Schengen, na viza ya kuingia mara moja inatosha. Meli inayoshuka kutoka Budapest kuelekea Romania ni habari nyingine. Hiyo hupita Belgrade, na Serbia haimo katika Schengen. Msafiri akiingia Serbia ametoka Schengen. Meli ikifika Bulgaria anaingia upya. Hapo stika ya viza ndiyo inayosema. Kwenye stika hiyo pana sehemu ya idadi ya kuingia, iliyoandikwa 01, 02 au MULT. Mwenye 01 amekwama, hata kama chumba chake kimelipiwa hadi siku ya mwisho. Miongozo ya zamani nayo hupotosha, maana Kroatia iliingia Schengen Januari 2023, na Bulgaria na Romania zikakamilisha uanachama wao tarehe 1 Januari 2025.

Kwa safari ya kwanza, basi, Rhine ni mwepesi zaidi. Kenya Airways na KLM huruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Amsterdam, na kutoka Mowlem kwenda uwanja wa ndege ni kushika barabara ya Outer Ring. Meli hupanda mto hadi Basel, ikipita Cologne, Koblenz, bonde la Rhine ya Kati lenye ngome juu ya majabali, ambalo UNESCO ililiorodhesha mwaka 2002, na Strasbourg. Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa na Uswisi zote zimo katika Schengen.

Hata hapo kuna mtego. Kwa kuwa ndege inatua Amsterdam, mtu hukimbilia kuomba viza ya Uholanzi. Kanuni inasema ombi hupelekwa kwa nchi ambayo msafiri atakaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ndipo linakwenda kwa nchi atakayoingilia. Katika njia hii, nchi ya siku nyingi zaidi mara nyingi ni Ujerumani. Kabla ya kujaza fomu, inafaa msafiri aketi na ratiba ya meli na kalamu, aandike kando ya kila usiku jina la nchi ambayo meli itakuwa, kisha ahesabu.

Karatasi za pesa ndizo zinazowasumbua zaidi watu wa mtaa huu. Mwenye nyumba hupokea kodi kwa M-Pesa na taslimu. Mwenye duka huzungusha mauzo siku ileile. Chama kina akaunti yake, yenye sahihi za mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Lakini afisa wa viza hakijui chama; anataka kuona mapato ya mwombaji mwenyewe na sababu ya kurudi kwao. Sababu hizo Mowlem zimejaa tele: hati ya ploti, leseni ya biashara ya kaunti, marejesho ya kodi ya KRA, taarifa ya Sacco, barua ya pensheni. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi yenye jina la mwombaji. Shilingi laki tatu zikiingia benki wiki moja kabla ya ombi, huzua maswali badala ya kuyajibu. Ni heri kodi ianze kupita benki mwaka mzima kabla ya safari, na mgao wa chama uingie katika akaunti ya mwanachama mwezi kwa mwezi, ukiambatana na muhtasari wa mkutano. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 kina cheti, nacho kiambatishwe.

Kisha ije kalenda. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya matibabu isiwe chini ya yuro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na uhalali wa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Anayesafiri tarehe 10 Mei anaweza kuomba kuanzia 10 Novemba, na afadhali aombe mapema, kwa sababu kampuni za meli hudai malipo yote miezi kadhaa kabla ya safari.

Msimu nao una uzito. Waliouona mto Nairobi ukivunja kingo Aprili 2024 hawahitaji kufundishwa kwamba maji hayafuati ratiba ya mtu. Oktoba 2018 kipimo cha maji cha Kaub, kwenye Rhine, kilishuka hadi sentimita 25. Juni 2024 Danube ilifurika na meli zikasimamishwa kusini mwa Ujerumani. Mambo yakiwa hivyo, abiria huweza kuhamishiwa kwenye mabasi. Kwa Rhine, Mei na Juni ni afadhali kuliko Septemba na Oktoba.

Pesa za kuokoa ziko kwenye chumba. Meli nyingi za mito hii zina upana wa takriban mita 11.4, kwa kuwa malango ya mfereji wa Rhine–Main–Danube, uliofunguliwa mwaka 1992, yana mita 12. Meli ikiingia katika lango kama hilo, ukuta wa saruji uliolowa, wenye utelezi wa kijani, husimama chini ya futi moja kutoka ubavuni. Bandarini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, na roshani iliyolipiwa ghali ikatazama pazia la jirani. Chumba cha chini, chenye dirisha dogo karibu na maji, kinafika miji ileile saa ileile.

Mawakala wa safari wa Nairobi wanaouza safari hizi wana deni kwa wateja wao. Viza ikikataliwa, mikataba mingi humhesabu msafiri kama aliyejiondoa mwenyewe, na kianzio chake kinapotea. Ukurasa wa kwanza wa mkataba useme bayana ni kiasi gani kitarudishwa, na ndani ya siku ngapi, ubalozi ukikataa. Mpaka maneno hayo yaandikwe na kupigwa muhuri, mweka hazina wa chama asitoe hata shilingi moja.