Askari Wanaowazuia Askari



Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kuna maradhi ambayo wengi wetu tumeyasikia huku ugenini: multipo sklerosisi. Askari wa mwili, yaani seli nyeupe za damu, huuacha uadui na vijidudu wakaushambulia ubongo na uti wa mgongo wa mwenyewe. Hula utando unaozifunika neva kama mpira uufunikavyo waya wa umeme. Macho hufifia, viungo hufa ganzi, miguu hulemaa.

Tulipokuwa tukisomesha, tuliwaambia wanafunzi kuwa kinga ni kupigana tu. Kumbe tuliwapa nusu ya somo.

Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani walizalisha panya ambao seli zao za kinga zilielekezwa kwenye utando huo. Panya waliokosa seli nyingine zote za kinga za aina ya T na B waliugua wote. Wenzao waliobaki na mchanganyiko wa kawaida, ingawa nao walikuwa na seli hizo za hatari, wengi walisalimika. Mwaka 1998 ilidhihirika kwamba panya wa kundi la kwanza wakipewa mapema seli za aina ya T kutoka kwa panya wazima, hukingika. Basi mzima hakukosa washambuliaji. Alikuwa na wasimamizi wa kuwazuia. Shimon Sakaguchi wa Japani aliwabainisha wasimamizi hao mwaka 1995, na mwaka 2025 alitunukiwa Nishani ya Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani.

Jambo hili latuhusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa Uingereza kwa wahamiaji kutoka Afrika, Bara Hindi na Karibi hupatwa na maradhi haya zaidi kuliko wazazi wao. Kijana akilalamika kwamba jicho moja limefifia, au ganzi haimtoki siku kadhaa, tusimwite mvivu wala tusikimbilie kusema ana jini. Apelekwe kwa daktari upesi; zipo dawa za kupunguza mashambulizi, ingawa haziponyi kabisa. Wala tusimnunulie mgonjwa dawa za “kuongeza kinga” bila ya kumwuliza daktari, kwani ambaye wasimamizi wake wamezidiwa hafai kuongezewa wapiganaji.

Dini yetu imetufunza kuwa kuizuia ghadhabu ni nguvu kuliko kushinda mweleka. Mwili nao, kwa hekima ya Muumba wake, waishi kwa kanuni hiyo.