Wito Hauanzi na Kanzu: Tujifunze kwa Askofu Kibira



Wapendwa waamini, katika Dominika ya 26 ya Mwaka B Mama Kanisa hutusomea habari za Eldadi na Medadi, wazee wawili waliobaki kambini wenzao walipokusanyika hemani, na Roho akawashukia palepale walipokuwa (Hes 11:25-29). Yoshua alitaka wakatazwe. Musa alikataa, akatamani taifa zima la Bwana lingekuwa la manabii. Siku hiyohiyo Injili hutuonyesha Yohane akilalamika juu ya mtu aliyetoa pepo kwa jina la Yesu bila kufuatana na mitume (Mk 9:38-40). Jibu la Bwana tunalijua sote. Kuliishi ndiko kunakotushinda.

Kwa mwanga wa masomo hayo tunapenda kutafakari njia ya mtumishi mmoja asiyekuwa wa Kanisa letu: Josiah Kibira, mchungaji na baadaye askofu wa Kilutheri. Huenda wako watakaouliza padre ana haja gani na mchungaji, ilhali watakatifu wetu ni wengi. Tunawaomba uvumilivu.

Kibira alizaliwa mwaka 1925 huko Buhaya, akasoma, akawa mwalimu. Hakuwa mpagani aliyesikia Injili kwa mara ya kwanza ukubwani. Hata hivyo mwaka 1947 aliguswa na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda hadi nchi yetu. Watu wa uamsho huo walikusanyika katika vikundi vidogo, wakaungama dhambi zao waziwazi, wakapatanishwa na majirani, wakarudisha walivyoiba. Ulileta pia mabishano ndani ya makanisa yenyewe, maana waliojiita wameokoka wakati mwingine waliwadharau wengine. Lakini kwa Kibira ndipo imani ilipoacha kuwa desturi ya nyumbani na shuleni, ikawa jibu lake mwenyewe kwa Kristo.

Tutazame sasa miaka. Tangu kuguswa huko hadi kuwekewa mikono ya uchungaji mwaka 1960 ilipita miaka 13. Katikati yake alisomea teolojia Bethel, Ujerumani, mahali panapojulikana kwa kuwatunza wagonjwa wa kifafa. Baadaye aliendelea na masomo Boston, Marekani. Mwaka 1964 akawa askofu, akimrithi Bengt Sundkler kutoka Uswidi. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, akaitumikia hadi 1984. Alifariki mwaka 1988. Heshima zote hizo zilikuja baadaye. Mwanzo wake ulikuwa toba ya mwalimu kijana asiyekuwa na cheo cha kanisa.

Hapa ndipo tunapotaka kusema jambo na wazazi wa parokia zetu, mjini Morogoro na katika vigango vya milimani. Kila mwaka tunaletewa vijana wanaoomba kwenda seminari. Tunafurahi na kumshukuru Mungu. Lakini tukimuuliza kijana kwa nini anataka upadre, mara nyingi ni mzazi anayejibu: seminari ina nidhamu, inafaulisha, ada yake inavumilika. Hizo ni sababu njema za kuchagua shule, ila bado hazijawa wito. Mtoto anayevishwa kanzu kabla ya kufundishwa kusali peke yake atafika mbali kwa masomo, kisha siku ya jaribu atajikuta hana wa kumwita.

Hatusemi kwamba njia ya seminari ni pungufu. Buhaya hiyohiyo ilitupatia Laurean Rugambwa, aliyelelewa seminarini tangu ujana, akapewa upadre mwaka 1943, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, mwaka uleule Kibira alipowekewa mikono. Mmoja aliitwa akiwa mvulana, mwingine akiwa mwalimu mtu mzima. Njia ni mbili, lakini hakuna awezaye kukwepa kukutana na Kristo uso kwa uso. Timotheo alipokea imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Tim 1:5), na bado Paulo alimhimiza aichochee mwenyewe karama aliyopewa.

Na hili si la mapadre tu. Vijana wetu wangapi wamepokea Kipaimara wakiyajua majibu yote ya katekisimu kwa moyo, kisha mwaka uliofuata tukawaona katika mikutano ya maombi ya madhehebu mengine? Huwa tunawalaumu haraka. Mara nyingi wamekwenda kutafuta mtu wa kuwauliza kama wanamjua Yesu, swali ambalo nyumbani hawakuulizwa. Nasi tunayo sakramenti ya Kitubio, tunazo jumuiya ndogondogo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele mwaka 1976. Jumuiya inayokutana kukusanya michango tu, bila kupatanisha majirani wala kulitafakari Neno, imejinyima hazina yake yenyewe.

Kibira aliandika pia juu ya Kanisa na ukoo, katika kitabu kilichotoka mwaka 1974. Sisi wa Uluguru tunajua uzito wa swali hilo. Kwa mila ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba la mlimani hufuata ukoo huo. Mkristo haachi kuwa na ukoo, lakini ubatizo humpa ndugu wengine, na ndugu hao hawaishii kwenye mipaka ya parokia. Ndiyo maana tunasikitika binti Mkatoliki anapochumbiwa na kijana Mlutheri na familia zikaanza kutukanana kabla hata hawajafika ofisini kwa paroko. Kanisa lina taratibu za ndoa ya mseto, na kibali kinaombwa kwa askofu. Waje waelezwe kwa upole, kila mmoja kwa heshima ya dhamiri yake.

Tofauti zipo, nasi hatuzifichi: juu ya Ekaristi, juu ya Daraja Takatifu, juu ya huduma ya Baba Mtakatifu. Hatushiriki meza moja, na maumivu hayo yatusukume kusali. Lakini mwaka uleule wa 1964 Kibira alipokuwa askofu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Hati ya Uekumene, ukatufundisha kuyatambua na kuyaheshimu mema ya Kikristo yaliyomo kwa ndugu waliotengana nasi. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano lile aliloliongoza Kibira walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa neema. Anayewadharau Walutheri kwa jina la Ukatoliki hajawasikiliza wachungaji wake mwenyewe.

Vijito vya Uluguru hushuka kila kimoja kwa bonde lake, vikaingia Mto Ruvu, na Dar es Salaam hunywa maji hayo bila kuuliza yametoka bonde gani. Kazi yetu ni kutunza chemchemi.

Juma hili tunawaomba jambo moja. Kila mzazi amuulize mtoto wake, kwa upole na bila haraka, Yesu ni nani kwake. Kisha anyamaze, asikilize. Na mtoto akimrudishia swali hilo mzazi, amjibu.

Bikira Maria, Mama wa Kanisa, atuombee. Mungu awabariki nyote.