Mshindani Asiwe Hakimu



Mgonjwa alalapo juu ya meza ya upasuaji huukabidhi uhai wake mikononi mwa mtu asiyeweza kumpima. Ni haki, basi, madaktari wachunguzane, maana kosa la daktari hutambuliwa na daktari mwenzake. Lakini tiba ikigeuka biashara, mchunguzi aweza kuwa mshindani.

Katika mji wa Astoria, jimbo la Oregon nchini Marekani, daktari mpasuaji Timothy Patrick aliajiriwa mwaka 1972 na kliniki ya madaktari wabia. Mwaka uliofuata alialikwa kuwa mbia. Akakataa, akaanza kazi yake mwenyewe. Tangu hapo wale wa kliniki waliona afadhali kuwatuma wagonjwa kwa wapasuaji walio umbali wa hata maili 50 kuliko kumpelekea yeye. Hospitali mjini ilikuwa moja tu, na wengi wa madaktari wake walitoka kliniki ile ile. Mwaka 1981 mmoja wao alitaka kazi ya Patrick hospitalini ichunguzwe, na kamati ikapendekeza aondolewe, eti hakufikia kiwango. Alipowataka wasikilizaji wa shauri lake waeleze kama wana chuki naye, walikataa. Akajiuzulu kabla ya hukumu.

Alishtaki, na baraza la wazee wa mahakama likampa fidia ya dola 650,000, ambayo sheria ya ushindani iliizidisha mara tatu. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu iliamua kuwa wachunguzi wake hawakuwa na kinga dhidi ya sheria hiyo. Hata hivyo, tayari mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo lilikuwa limetunga sheria inayowakinga wachunguzi, nayo huwadhania kuwa wametenda kwa haki mpaka mtuhumiwa athibitishe vinginevyo.

Naielewa nia ya kinga hiyo: pasipo nayo, nani angethubutu kumtaja daktari mzembe? Lakini wahenga walijua kwamba fisi hakabidhiwi bucha. Mwenye kunufaika na anguko la mwenzake asiketi kumhukumu. Shauri lisikilizwe na madaktari wa mbali, wasio na senti katika matokeo yake. Amri ya nane haisimami mlangoni mwa hospitali. Ushuhuda wa uongo humvunjia daktari jina, na humnyima mgonjwa mikono iliyoweza kumponya.