Kiti cha kati angani: Wana wa Bumula wanawanunulia wazazi nini?

AGOSTI ya kila mwaka wa shufwa, njuga za vijana wanaosubiri tohara zinapoanza kusikika katika vijiji vya Bumula, kaunti ya Bungoma, bei ya tiketi za ndege huwa mada ya kawaida hata miongoni mwa watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa ndege. Wana wa Kibukusu wanaoishi Marekani, Uingereza na Canada hurejea na watoto wao kwa sherehe. Zikiisha, jamaa hubaki na swali jingine: mama au baba naye atasafiri vipi kwenda kuwaona wajukuu, au kumsaidia binti aliyejifungua huko ng'ambo?

Kwa miaka mingi swali hilo halikuwa na mjadala. Mzazi alikatiwa tiketi ya daraja la kawaida, kwa kuwa lile la biashara, ambalo nauli yake huweza kufika mara tatu au nne, lilikuwa la mawaziri na matajiri. Sasa mashirika mengi yana daraja la tatu katikati ya hayo mawili. Wao huliita Premium Economy. Kwa Kiswahili, daraja la kati linatosha. Ni daraja hili linalozua ubishi katika mikutano ya jamaa, kwa sababu aliye ughaibuni huahidi kulipa sehemu na kuwaomba walio nyumbani wachangie iliyosalia. Hoja inayotolewa ni ya afya: kwamba mzee akikaa saa 15 katika daraja la kawaida, damu itaganda miguuni na huenda asifike salama.

Hoja hiyo ni nzito, na inafaa kupimwa kabla ya ng'ombe kuuzwa.

Daraja la kati si uvumbuzi wa jana. Shirika la EVA Air la Taiwan lililianzisha mwaka 1991, na Virgin Atlantic la Uingereza likafuata mwaka 1992. British Airways, ambalo Wakenya wamelizoea kwa miongo mingi, lilianzisha lake mwaka 2000. Lufthansa lilisubiri hadi 2014, KLM na Emirates hadi 2022. Katika eneo hili la Afrika Mashariki, jambo la kushangaza ni kwamba waliotangulia si Wakenya. Kenya Airways ilipopokea ndege zake za Boeing 787 mwaka 2014, zilikuja na viti 234 vya madaraja mawili: 30 vya biashara na 204 vya kawaida. RwandAir ilipopata Airbus A330 yake ya kwanza mwaka 2016, ilitenga viti 21 vya daraja la kati. Uganda Airlines nayo, iliyopokea ndege mbili za A330-800 kati ya Desemba 2020 na Februari 2021, ina viti 28 vya aina hiyo katika kila moja, pamoja na 20 vya biashara na 210 vya kawaida.

Abiria hupata nini hasa? Chakula hubadilika kidogo, glasi huwa ya kioo badala ya plastiki, na mizigo huruhusiwa zaidi. Hayo ni mapambo. Kinachouzwa hasa ni nafasi. Kutoka kiti kimoja hadi cha mbele yake, daraja la kawaida hutoa inchi 31 au 32. Daraja la kati hutoa takriban inchi 38. Kiti chenyewe ni kipana zaidi na huegemea nyuma zaidi, ingawa hakilaliki kama kitanda.

Hesabu yake si ngumu. Katika A330, safu moja ya daraja la kawaida huwa na viti vinane. Ya daraja la kati ina saba. Ukijumlisha urefu na upana, abiria wa daraja la kati huchukua sakafu inayozidi ya mwenzake kwa takriban asilimia 40. Nauli yake, hata hivyo, aghalabu huzidi kwa asilimia 50 hadi kufikia maradufu. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ndiyo faida, na ndiyo sababu mashirika yaliyokuwa yakisitasita yameng'oa viti vya kawaida kuliweka daraja hili. Abiria anayedhani amehurumiwa na shirika hajaisoma biashara hii vizuri.

Katika Bumula, tofauti hiyo ina sura yake. Tuseme inafika Sh80,000 kwa safari ya kwenda na kurudi, nayo yaweza kuzidi hapo. Bei ya tani moja ya miwa imekuwa ikichezacheza karibu na Sh5,000 katika miaka ya hivi karibuni. Hizo ni tani 16 za miwa, zao linalochukua takriban mwaka mmoja na nusu kukomaa, kabla ya kutoa gharama ya kukata na kusafirisha. Na wakulima wa eneo hili wanajua kungoja malipo ni nini. Kiwanda cha Nzoia, ambacho wengi wao walikitegemea tangu miaka ya sabini, kilizama katika madeni hadi serikali ikakikodisha kwa kampuni ya West Kenya mnamo Mei 2025 kwa muda wa miaka 30.

Sasa turudi kwa hoja ya afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha mwaka 2007 matokeo ya utafiti wake kuhusu safari na kuganda kwa damu. Liligundua kwamba hatari hiyo huongezeka takriban maradufu kwa mtu anayesafiri saa nne au zaidi akiwa ameketi. Hata hivyo, kiwango chenyewe kilibaki kidogo: kama mtu mmoja kati ya 6,000. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wanene kupita kiasi, wanawake wanaotumia tembe za kupanga uzazi, na watu warefu mno au wafupi mno. La muhimu zaidi, WHO ilisema tatizo si ndege bali ni kukaa bila kusogea, na linaweza kumpata hata abiria wa gari, basi au treni.

Mwaka 2012 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilitoa mwongozo uliokwenda mbali zaidi. Kilisema hakuna ushahidi kwamba daraja la kawaida lenyewe ndilo linaloleta ugonjwa huo. Kilichoonekana kuongeza hatari ni kuketi dirishani, kwa kuwa abiria wa dirishani huona haya kuwasumbua wenzake na hivyo hainuki. Kwa maneno mengine, mzee aliyeketi kando ya njia katika daraja la kawaida, akinyanyuka mara kwa mara, yuko salama kuliko mzee aliyebanwa dirishani katika daraja la kati. Kiti kando ya njia huombwa mapema. Mashirika mengine hutoza kidogo, mengine hayatozi.

Hii haina maana kwamba daraja la kati ni upuuzi. Mwenye magoti mabovu, mwenye mgongo unaouma au mtu mrefu wa futi sita atahisi tofauti kubwa, hasa katika safari ya usiku. Faraja ni bidhaa halali na mtoto ana haki ya kumnunulia mzazi wake. Kosa ni kuiuza kwa jamaa kana kwamba ni dawa.

Zaidi ya hayo, safari ya mtu wa Bumula haianzii uwanjani. Inaanzia Kimaeti, Khasoko au Siboti, kwa bodaboda hadi barabara ya lami, kisha basi la usiku linalopitia Webuye, Eldoret na Nakuru hadi Nairobi, takriban kilomita 400. Mzee anayefika Jomo Kenyatta alfajiri, miguu ikiwa imekwisha kuvimba, huwa tayari amekaa saa nane au tisa bila kujinyoosha ipasavyo. Halafu anangoja ndege. Kwa hesabu ya WHO, basi hilo ni sehemu ya safari ndefu sawa na ndege yenyewe.

Wala si damu tu. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017, watu 36 walikufa Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, basi lilipogongana na lori. Serikali ikapiga marufuku safari za usiku kwa muda. Anayetaka kweli kumlinda mzazi angeanza na kipande hicho. Sehemu ndogo ya ile Sh80,000 hutosha kumpeleka mzee kwa ndege ya saa moja kutoka Eldoret au Kisumu hadi Nairobi, na bado ikabaki ya malazi ya usiku mmoja jijini kabla ya safari kubwa.

Kuna njia nyingine ambayo jamaa nyingi hazijaifikiria. Kutoka Bungoma, mpaka wa Malaba uko karibu, na umbali wa barabara hadi Entebbe ni mfupi kuliko ule wa kwenda Nairobi. Uganda Airlines ilianza safari za moja kwa moja hadi London Gatwick mnamo Mei 2025, kwa ndege hizo zenye daraja la kati. Kwa mtu wa Bumula anayekwenda Uingereza, si ajabu tena kuvuka mpaka. Tahadhari ni mbili. Foleni za malori Malaba na msongamano wa Kampala hula saa nyingi. Pili, shirika hilo lina ndege kubwa mbili pekee. Moja ikiharibika, ratiba yote hutetereka. Anayeunganisha kutoka Nairobi kwenda Entebbe ajue pia kwamba ndege ndogo za CRJ900 za shirika hilo hazina daraja la kati, hata kama tiketi yake imeandikwa hivyo.

Kwa wanaokwenda Marekani, uamuzi ni mgumu zaidi. Tangu Oktoba 28, 2018, Kenya Airways imekuwa ikiruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, safari ya takriban saa 15. Mashirika ya Ulaya hutoa daraja la kati, lakini abiria sharti abadilishe ndege London, Amsterdam, Paris au Frankfurt. Kwa mwalimu mstaafu aliyewahi kusafiri, hilo si kitu. Kwa mama anayezungumza Lubukusu na Kiswahili pekee, ambaye hajawahi kupanda hata ngazi za umeme, kubadilisha ndege katika uwanja wenye majengo kadhaa ni mtihani unaoshinda inchi saba za kunyoosha miguu. Huyo apelekwe moja kwa moja, hata kama kiti ni kidogo.

Ipo pia mitego ya maneno. Baadhi ya mashirika huuza viti vya kawaida vilivyosogezwa mbali kidogo na vya mbele na kuvipa majina ya kifahari yenye neno la starehe. Hivyo si daraja la kati. Kiti ni kile kile. Anayelipa kutoka ng'ambo aulize upana wa kiti na idadi ya viti katika safu, asiridhike na jina.

Halafu kuna kodi. Uingereza humtoza kila abiria anayeondoka nchini humo ushuru wa usafiri wa anga, na sheria yake inajua madaraja mawili tu: la chini kabisa, na mengine yote. Katika mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025, anayerudi Nairobi kwa daraja la kawaida alilipiwa pauni 90. Wa daraja la kati alilipiwa pauni 216, sawa na yule anayelala kitandani katika daraja la kwanza. Tofauti hiyo inazidi Sh20,000, nayo haimpi mzee hata mto wa ziada. Anayepitia London tu kuunganisha ndege hatozwi.

Suala la nani akae wapi angani ni la kisiasa pia. Mei 2024, Rais William Ruto alipokwenda Marekani kwa ndege ya kukodi, wananchi waliwaka. Yeye akajibu kwamba gharama haikufika Sh10 milioni. Lakini ghadhabu hiyo ilipita juu ya gharama ya kila siku: wabunge na maafisa wakuu wanaosafiri daraja la biashara kwa fedha za umma, mwaka baada ya mwaka. Maadamu daraja la kati lipo, ni vigumu kuona kwa nini afisa mwenye afya njema asiwekwe humo. Serikali ingeokoa sehemu kubwa ya nauli. Fedha wanazotuma Wakenya walio ughaibuni zilifika dola bilioni 4.9 mwaka 2024, Marekani ikiongoza, na ni hao hao wanaohesabu inchi kabla ya kumlipia mama.

Jamaa zinazoendelea na mchango zina jambo moja la kufanya ambalo halina bei. Shirika la ndege likiarifiwa angalau saa 48 kabla ya safari, humwandalia mzee kiti cha magurudumu na mtu wa kumsukuma kutoka kaunta hadi mlangoni mwa ndege, na kutoka ndege hadi kwa maafisa wa uhamiaji na mahali pa kuchukulia mizigo. Huduma hiyo haitozwi katika daraja lolote. Wengi hawaiombi kwa kudhani kwamba ni ya walemavu pekee.