Nani Kala Herufi Yangu?

Mwandishi mwenzangu aliiona kibodi yangu mezani, taa za rangi zinawaka chini ya herufi, akacheka: "Mzee mzima, unacheza gemu?" Kisha akanipa lile somo la siku zote: mwandishi wa kweli haangalii chombo, hata kwa daftari na kalamu ya Bic kazi inatoka. Somo hilo nimelisikia mara nyingi mno, na karibu kila mara anayelitoa ana kompyuta nzuri kuliko yangu.

Mimi naandika riwaya hapa Nyantakara, usiku, watoto wakishalala. Kibodi yangu ya kwanza isiyo na waya ilikuwa ya ofisini, ya Bluetooth tu. Ukiiacha dakika chache inasinzia kutunza betri. Ukirudi inaamka, lakini herufi ya kwanza imeshaliwa. Anayeandika Kiingereza ataona pengo atarekebisha. Sisi mtendaji wetu anakaa kichwani mwa neno. Niliandika "Nilimpiga", ikatoka "ilimpiga". Neno kamili, halina kosa, ila mpigaji katoweka! Msimulizi wangu alikuwa anaungama, kibodi ikamtetea. Kompyuta nayo hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, kwa hiyo nilishaacha kuisikiliza. Nilikuja kuliona miezi miwili baadaye, msomaji mmoja aliponiuliza kwa nini kijana wangu anakwepa lawama.

Sasa hao tunaowadharau, wacheza gemu, upuuzi huo hawauvumilii. Kwao kuchelewa ni kufa. Ndiyo maana kibodi zao huja na kipokezi cha USB cha gigahezi 2.4, nyingi zikituma taarifa mara 1000 kwa sekunde, na muda wa kusinzia unaweza kuurefusha mwenyewe.

Halafu kuna A. Mpangilio wetu wa herufi ulitoka kwenye taipureta iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874, na A ikaangukia kidole kidogo cha kushoto. Hebu hesabu "akamwambia": herufi kumi, A nne! Q na X zinakaa bure kama wageni waliosahau kuaga. Kwenye kibodi ya zamani A yangu ilifutika kabisa. Lakini mcheza gemu hutembea kwa W, A, S na D, kwa hiyo aliyemtengenezea alijua A itateswa. Swichi nyingi za aina hiyo hutangazwa kuvumilia mibonyezo milioni 50, na kwenye baadhi ya kibodi ikifa moja unaichomoa, unapachika nyingine.

Simpigii debe muuzaji yeyote. Taa hunyonya betri. Nazizima, ila umeme ukikatika nazihitaji, nakiri. Swichi za buluu zina kelele za mvua ya mawe juu ya bati, zitawaamsha watoto. Na kipokezi kile ni kidogo kama punje ya haragwe, changu kilipotea wiki ya tatu. Bila waya wa akiba ningekuwa nimenunua ubao. Chukua yenye njia zote tatu: kipokezi, Bluetooth na waya.

Mwenzangu bado anacheka. Juzi alinitumia hadithi yake niipitie. Sentensi ya pili inaanza: "Kamwambia aondoke." Nikamuuliza kama ni lugha ya mtaani aliyoikusudia au A imeliwa. Mpaka leo hajanijibu.